Kutofautisha Panya kwa Umbo la Fuvu: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Afrika Mashariki

Panya aliyekamatwa darini mjini Morogoro, mwingine wa shamba la mahindi nje ya mji, na wa tatu wa msitu wa milima ya Uluguru wanaweza kufanana kwa rangi na ukubwa kiasi kwamba hata mtu mzoefu akasita kuwataja majina. Wa kwanza huenda ni Rattus rattus, panya wa nyumbani aliyefika pwani yetu kwa majahazi na meli. Wa pili ni Mastomys natalensis, panya shamba anayewaliza wakulima wa nafaka. Wa tatu ni Praomys delectorum, ambaye hana ugomvi na mtu kwa kuwa haondoki msituni. Manyoya hubadilika kwa umri na msimu, na mkia hukatika, lakini fuvu likisafishwa vizuri hubaki na alama zinazoweza kupimwa na kuhakikiwa na mtu mwingine hata baada ya miaka mingi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulisoma fuvu hilo, kwa kutumia zaidi panya hawa watatu na jamaa zao wanaochanganywa nao.

Kabla ya kugusa panya

Utafiti wa wanyama pori unahitaji kibali. Kwa Tanzania vibali hupitia taasisi za COSTECH na TAWIRI, kwa Kenya NACOSTI na WRTI, kwa Uganda UNCST. Makumbusho hayapokei kielelezo kisicho na karatasi, kwa hiyo jambo hili lifanyike mwanzoni.

La usalama ni zito zaidi. Panya shamba hubeba virusi vya Lassa huko Afrika Magharibi, na kwetu hubeba virusi vya jamii hiyo hiyo vilivyopewa jina la Morogoro, ingawa hivi havijulikani kumdhuru binadamu. Mkojo wa panya unaweza kuwa na vijidudu vya leptospira, na viroboto vyao ndivyo vinavyoeneza tauni, ugonjwa uliozuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Vaa glavu na barakoa, fanyia kazi mahali penye hewa, na usitumie vyombo vya jikoni kwa kazi hii hata kama utaviosha.

Kulipata fuvu likiwa zima

Mtego wa kubana unaouzwa madukani humpiga panya kichwani na kuvunja kasha la ubongo, yaani sehemu ile ile unayotaka kuipima. Kama fuvu ndilo lengo, tumia mtego wa kisanduku unaomkamata mzima, kisha fuata utaratibu wa kumuua bila mateso ulioidhinishwa na kamati ya maadili ya taasisi yako. Njia nyingine, ambayo haiui mnyama yeyote, ni kukusanya madonge yanayotapikwa na bundi, hasa Tyto alba anayekaa kwenye mapaa, maghala na minara. Bundi humeza panya mzima na baadaye hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimefungamana. Kausha madonge hayo, yagandishe kwa siku kadhaa ili kuua wadudu, kisha loweka moja moja katika maji ya vuguvugu na kulichambua kwa kibanio. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya nyuma ya fuvu mara nyingi huwa imevunjika, lakini uso, kaakaa na taya hubaki, na hizo ndizo zenye habari nyingi.

Fuvu lenye nyama lisichemshwe kwa moto mkali. Mchemko hupasua meno, na kwa panya mchanga huachanisha mishono kati ya mfupa na mfupa mpaka unabaki na vipande visivyopimika. Chuna ngozi, toa macho, ulimi na ubongo, kisha chagua kati ya njia mbili: kuwaachia mbawakawa wanaokula nyama kavu, kama wanavyofugwa katika makumbusho mengi, au kuloweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga ya vimeng'enya na kubadilisha maji kila siku mpaka nyama ilegee. Chuja maji hayo kwa kitambaa au chujio la matundu madogo; meno ya panya ni madogo na jino lililoanguka huenda na maji bila wewe kujua. Ukitaka kung'arisha, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa saa chache. Dawa ya klorini ya kufulia isikaribie kabisa, kwa sababu huendelea kuila mifupa hata baada ya kusuuzwa, na baada ya muda fuvu huanza kumomonyoka.

Andika namba ya kielelezo juu ya fuvu lenyewe kwa wino usiofutika, na namba hiyo hiyo kwenye kila nusu ya taya la chini. Taya lililopotezana na fuvu lake hupoteza thamani yake karibu yote.

Kwanza ondoa wasiohusika

Katika donge la bundi utakuta mafuvu ya virukanjia na popo pamoja na panya. Panya na jamaa zao wote wana jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, halafu pengo refu lisilo na jino, ndipo magego yaanze. Kirukanjia hana pengo hilo. Meno yake yamepangana kutoka mbele hadi nyuma na mengi yana ncha, na pia hana upinde wa mfupa pembeni mwa jicho. Popo ana chonge, na hilo linatosha.

Ukishabaki na wagugunaji peke yao, hesabu magego ya juu upande mmoja. Panya wa kawaida, familia ya Muridae, wana matatu tu. Graphiurus, yule mdogo wa mitini mwenye mkia wa manyoya, ana manne yenye vilele vya chini na mistari ya kukingama. Kindi naye hujulikana kabla hata hujahesabu, kwa kuwa ana kichomozo cha mfupa kinachoelekea nyuma juu ya tundu la jicho. Fuko wana meno makubwa ya mbele yaliyochomoza kwenda mbele, na mizizi ya yale ya juu inarudi nyuma sana ndani ya fuvu. Panya buku, Cricetomys ansorgei, ambaye shirika la APOPO humfundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu pale Morogoro, ana magego matatu kama panya wa kawaida ingawa ni wa familia nyingine. Fuvu la mkubwa hupita milimita 60 na hakuna panya mwingine wa kwetu anayelikaribia.

Sasa geuza fuvu na utazame meno ya mbele ya juu kwa lenzi ya mkono, ukielekeza mwanga kutoka pembeni. Ukiona mfuo ukishuka kwa urefu wa jino, huyo si Rattus wala Mastomys. Kama pamoja na mfuo kuna vifuko vikubwa vya mfupa vya sikio, vilivyovimba chini ya fuvu na kuchukua nafasi kubwa kabisa ya sehemu ya nyuma, uko kwa Gerbilliscus na jamaa zake wa maeneo makavu. Kama magego yamejengwa kwa mabamba yaliyosimamishwa bega kwa bega, na gego la mwisho la juu ndilo kubwa kuliko yote, huyo ni Otomys, na kwa spishi za Otomys idadi ya mabamba kwenye gego hilo ni moja ya alama za kwanza kuandikwa. Pelomys pia ana mfuo, lakini magego yake ni ya vinundu kama ya panya wengine. Mwanga wa kutoka juu huficha mifuo myepesi, kwa hiyo usikubali kwamba jino ni laini mpaka umelizungusha.

Acomys, panya mwenye miiba mgongoni, hujulikana kwa taya la chini hata fuvu likiwa limepotea. Kile kichomozo cha juu cha taya, ambacho kwa panya wengine husimama kama ndoana mbele ya kiungo, kwake kimebaki kidogo mno.

Vipimo vya kuchukua, na kipi cha kuamini

Tumia kalipa ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita, na weka fuvu juu ya kitambaa laini au mchanga mwembamba ili lisiteleze. Vipimo vya msingi ni urefu mkubwa wa fuvu, upana kwenye pinde za mashavu, upana wa sehemu nyembamba kati ya macho, urefu wa mifupa ya pua, urefu wa pengo kati ya meno ya mbele na magego, urefu wa matundu mawili marefu yaliyo mbele ya kaakaa, urefu wa kifuko cha sikio, na urefu wa safu ya magego ya juu. Pima kila kimoja mara mbili kwa siku tofauti bila kutazama namba za awali. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha kama mkono wako umetulia kiasi cha kutenganisha spishi zinazokaribiana.

Vitabu vingi huanza na urefu wa fuvu, na wanafunzi hulishika hilo. Kwa maoni yangu kipimo hicho ndicho kinachopotosha zaidi, kwa sababu panya huendelea kukua baada ya kuanza kuzaa na fuvu lake hurefuka pamoja naye, hasa upande wa pua. Rattus rattus mchanga anaweza kuwa na fuvu lenye urefu sawa kabisa na la Mastomys mkubwa. Safu ya magego haina tabia hiyo. Gego likishatokeza na kusimama mahali pake halirefuki tena. Huisha tu kwa kusagika. Kwa hiyo, gego la tatu likishatokea, jambo ambalo kwa panya wa maabara hufanyika karibu na wiki ya tano ya maisha, urefu wa safu nzima unakuwa kipimo cha kudumu. Kwa Mus, wale panya wadogo sana, ni karibu milimita 3, kwa panya shamba ni karibu milimita 5 au pungufu kidogo, na kwa Rattus rattus ni kati ya 6 na 7. Pengo kati ya namba hizi linatosha kumaliza kesi nyingi kabla hujagusa alama nyingine yoyote.

Pima safu hiyo kwenye ukingo wa mashimo ya meno, mahali jino linapoingia mfupani. Ukipima kwenye vilele unapima pia kiasi cha kusagika. Njia hii ina faida nyingine kwa anayetumia madonge ya bundi, kwamba hata meno yakiwa yameanguka, mashimo yapo. Hesabu pia mashimo ya gego la kwanza la juu. Rattus ana mizizi mitano pale, Mus ana mitatu.

Umri nao uandikwe kwa kila fuvu. Tazama kusagika kwa magego, kutoka vinundu vyenye ncha hadi uso bapa wenye visiwa vya dentini (sehemu ya ndani ya jino), na tazama mshono wa chini ya fuvu, nyuma ya kaakaa, kama bado uko wazi au umefungana. Usilinganishe kamwe fuvu la mtoto na la mzee kisha ukaita tofauti hiyo spishi.

Rattus na Mastomys uso kwa uso

Weka mafuvu mawili kifudifudi chini ya lenzi. Kwa Rattus utaona vigongo viwili vilivyoinuka vikianzia juu ya macho na kupita pembeni mwa kasha la ubongo hadi nyuma. Ukipitisha ncha ya sindano juu yake inakwama. Kwa Mastomys kingo hizo ni dhaifu, na kwa vijana karibu hazipo.

Sasa yageuze. Kwenye kaakaa, mbele ya magego, kuna yale matundu mawili marefu na membamba yanayokwenda sambamba. Chukua uzi au ukingo wa karatasi, ulaze ukigusa sehemu za mbele kabisa za magego ya kwanza ya kushoto na kulia, kisha uangalie ncha za nyuma za matundu zinaishia wapi. Kwa Rattus rattus huishia karibu na mstari huo au huuvuka kidogo. Kwa panya shamba huuvuka waziwazi na kuingia kati ya magego ya kwanza. Endelea nyuma: kwa Rattus kaakaa halikomi kwenye gego la mwisho bali linaendelea kama rafu fupi ya mfupa, ilhali kwa panya shamba linaishia karibu na usawa wa gego hilo. Alama hizi mbili za kaakaa zikikubaliana na safu ya magego, kazi imekwisha. Zikipingana, jambo la kwanza la kushuku ni namba ya kielelezo, kwamba vipimo vimeandikwa kwa fuvu jingine au lebo zimebadilishana. La pili ni kwamba una spishi ambayo hukuitarajia.

Mus hachanganywi na hawa kwa urahisi isipokuwa na panya shamba mchanga sana. Gego lake la kwanza la juu ni refu kuliko mengine mawili yakiunganishwa, na la mwisho limebaki kinundu tu. Kwa Mus musculus, ukilitazama jino la mbele la juu kutoka pembeni, utaona pembe iliyokatwa karibu na ncha yake.

Rattus rattus na Rattus norvegicus

Huku kwetu Rattus norvegicus hupatikana zaidi katika miji ya bandari, kwa hiyo anayefanya kazi Mombasa au Dar es Salaam ndiye atakayekutana na swali hili mara kwa mara. Vigongo nilivyovitaja ndivyo vinavyojibu. Kwa norvegicus mkubwa vinakwenda karibu sambamba, na kasha la ubongo likitazamwa kutoka juu linaonekana la pande zilizonyooka. Kwa rattus vinapanuka kwenda nje kisha kurudi, kama mbavu za mtungi. Ili usitegemee jicho peke yake, pima urefu wa mfupa wa utosi kwa kufuata kigongo, kisha pima umbali mkubwa kabisa kati ya vigongo viwili. Kwa norvegicus vipimo hivyo viwili hukaribiana. Kwa rattus urefu ni mdogo kuliko umbali huo kwa kiasi cha kuonekana. Thibitisha kwa gego la kwanza la juu: safu ya mbele ya vinundu kwa rattus ina kijipengo dhahiri upande wa nje, ambacho norvegicus hana. Jino likiwa limesagika sana alama hii hupotea, na wachanga hawana vigongo vilivyokomaa, kwa hiyo panya mchanga mwenye lebo isiyo na mahali ni tatizo halisi.

Wa msituni

Praomys na Mastomys wamewahi kuwekwa katika jenasi moja, na kufanana kwao si kwa bahati mbaya. Alama ya kwanza ni tena yale matundu ya kaakaa: kwa Praomys ni mafupi zaidi, na ncha zake za nyuma haziingii ndani kati ya magego kama za Mastomys. Kama ulimkamata mnyama mwenyewe, andika idadi ya chuchu za jike kabla ya kuchuna ngozi. Mastomys jike anaweza kuwa na jozi 8 hadi 12, idadi ambayo Praomys hafikii, na taarifa hiyo ikipotea fuvu haliwezi kukurudishia.

Milima ya Tao la Mashariki bado ina mambo. Mwaka 2005 Carleton na Stanley walimtenga Hylomyscus arcimontensis kuwa spishi mpya, baada ya kulinganisha mafuvu na ngozi za panya wa milima hiyo ambao kabla yake waliwekwa chini ya jina jingine. Vielelezo vilivyolala kwenye droo za makumbusho, vikiwa na lebo za mahali na tarehe, ndivyo vilivyowezesha kazi ya namna hiyo.

Ndezi wawili

Nataja ndezi kwa sababu ni mfano safi kabisa wa spishi mbili za karibu zinazotenganishwa na jino moja. Wote wana mifuo mitatu kwenye kila jino la mbele la juu. Kwa Thryonomys swinderianus, yule mkubwa, mifuo imesogea upande wa ndani wa jino na kuacha ukanda mpana mtupu upande wa nje. Kwa Thryonomys gregorianus imegawanyika sawasawa kwa upana wa jino. Hata kipande cha jino kilichookotwa kwenye mabaki ya nyama ya porini kinatosha.

Umbo lenyewe, si urefu tu

Vipimo vya kalipa vikishindwa kutenganisha makundi mawili, njia inayofuata ni kupima umbo kwa nukta. Piga picha za fuvu kutoka juu, chini na ubavuni, kamera ikiwa kwenye stendi, umbali usiobadilika, rula ndani ya picha, na fuvu likiwa limelazwa sawa. Fuvu lililoinama kidogo tu huleta tofauti ya uongo inayofanana sana na ya kweli. Weka nukta kwenye mahali panapotambulika kwa kila fuvu, mfano makutano ya mishono, ncha za matundu, na mwanzo na mwisho wa safu ya magego, kwa mpangilio ule ule siku zote. Programu za bure kama tpsDig na MorphoJ zinatosha. Hesabu yake husogeza, kupima upya na kuzungusha nukta zote ili ukubwa na mkao viondoke, na kinachobaki ni umbo. Hata hivyo umbo hubadilika na umri, kwa hiyo umri ule uliouandika kwa kila fuvu unahitajika hapa kuliko kokote.

Fuvu linapofika kikomo

Ndani ya Mastomys yenyewe fuvu huanza kunyamaza. Mastomys natalensis ana kromosomu 32, Mastomys coucha 36 na Mastomys erythroleucus 38, na hesabu hiyo ndiyo iliyowaonyesha watafiti kwamba walikuwa na spishi kadhaa chini ya jina moja, kwa kuwa mafuvu yao hupishana kwa vipimo karibu vyote. Anayefuatilia ugonjwa hawezi kulipuuza hilo, maana si kila Mastomys ana nafasi sawa katika kueneza virusi. Kwa kila mnyama unayemchuna kata kipande kidogo cha ini au sikio, ukiweke katika ethanoli ya asilimia 96 chenye namba ile ile ya fuvu, ili maabara iweze kusoma vinasaba siku swali likizuka.

Kwenye lebo andika ulichoweza kukithibitisha na si zaidi. Fuvu la shamba la mahindi lenye safu ya milimita 4.8 na matundu marefu ya kaakaa, lisilo na kromosomu wala vinasaba, liandikwe Mastomys cf. natalensis (cf. ikiwa na maana kwamba linafanana na spishi hiyo bila kuthibitishwa), pamoja na mahali, mwinuko, tarehe, jinsia, alama ulizotumia na jina la aliyelitambua.